Wahangaza na Lugha Yao

Wahangaza ni wenyeji wa Ngara, katika pembe ya nchi yetu inayopakana na Rwanda na Burundi. Zamani Bugufi, nchi yao, ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi. Baada ya Vita ya 1914–1918 ikatiwa katika Tanganyika. Mpaka ulitenga nchi, lakini lugha haikutengwa. Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda: sisi twasema “mtu, watu”, wao husema “umuntu, abantu”.

Udugu huo ulidhihirika Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Wenyeji waliweza kusemezana nao pasipo mkalimani. Hata hivyo kusikilizana si kupatana. Miti ilipokatwa na mashamba kuharibiwa, manung’uniko yalizuka.

Basi mwalimu ayafikiri haya. Mtoto wa huko aandikapo “kurara” badala ya “kulala”, asipigwe wala kuchekwa. Hilo ni neno la mamaye, nalo ni la asili moja na letu. Aonyeshwe udugu wa maneno hayo mawili, naye atajifunza Kiswahili bila kuona haya kwa lugha ya nyumbani.