Je, Wajua? Mizinga Iliyolenga Bila Kuona

Tarehe 11 Julai 1915, katika delta ya Rufiji, Kibiti ya leo, wapiga mizinga wa Uingereza waliiharibu manowari ya Kijerumani Königsberg bila kuiona, maana ilijificha nyuma ya mikoko. Walifuata ishara za redio za ndege iliyotoka Mafia. Ndege ilipigwa, lakini waliokuwemo, kwa ujasiri wa ajabu, waliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka!

Hapo walioaminiwa walikuwa binadamu. Lakini mwaka 2018 iliyoaminiwa ilikuwa mashine: droni inayojiendesha ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa takriban dakika 40, bila rubani ndani. Kwangu mimi, mgonjwa anayeisubiri ana haki ya kujua ni nani atakayewajibika ikianguka ziwani.