Nafasi ya Kikundi katika Utunzi wa Nyimbo na Ukuzaji wa Sauti miongoni mwa Waimbaji wa Ridhaa: Mfano wa Lamadi na Usukuma

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna waimbaji wa ridhaa wanaotunga nyimbo zao wenyewe wanavyojifunza utunzi na matumizi ya sauti pasipo shule rasmi ya muziki. Mfano uliotumika ni Lamadi, mji mdogo wa Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, pamoja na mapokeo ya uimbaji ya Usukuma yanayouzunguka. Hoja kuu ni kwamba kikundi kinachoitikia wimbo kabla haujakamilika ndicho mwalimu wa kwanza wa mtunzi: hukosoa maneno, hurekebisha lahani na humpa mwimbaji nafasi ya kupumua. Mwalimu huyo ana kasoro zake, hasa katika uwanja wa mashindano ambako wingi wa watazamaji hupewa uzito kuliko ubora wa sauti. Makala yanahitimisha kwamba mtunzi anayerekodi peke yake hapotezi wimbo. Hupoteza msikilizaji mwenye haki ya kuukosoa.

Istilahi za msingi: mwimbaji wa ridhaa, manju, wigashe, kiitikio, toni, hakimiliki.

1.0 Utangulizi

Uchambuzi mwingi wa nyimbo katika taaluma ya fasihi simulizi huanza na wimbo uliokwisha kukamilika. Mchambuzi huupata ukiwa umerekodiwa au umenukuliwa, kisha huchunguza fani na maudhui yake. Utaratibu huu una manufaa, lakini huacha swali moja bila jibu: wimbo ulipitia wapi hadi kufikia umbo hilo? Finnegan (1970) alisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kutenganishwa na utendaji wala hadhira yake. Msisitizo huo ukipelekwa hatua moja mbele, unamtaka mtafiti aichunguze hadhira ya mwanzo kabisa, yaani watu wachache wanaousikia wimbo siku ambayo mtunzi bado anautilia shaka.

Usukuma ni mahali panapofaa kwa swali hilo. Songoyi (1988), katika tasnifu yake ya umahiri ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, na uhusiano wao na dola. Gunderson (2010) alikusanya na kufafanua nyimbo za kazi za Wasukuma. Kazi hizi zinaonyesha jambo ambalo dhana ya “sanaa ya jamii nzima” hulifunika: wimbo wa Kisukuma mara nyingi una mtunzi anayejulikana kwa jina, na mtunzi huyo hujitaja ndani ya wimbo pamoja na jina la baba yake. Kwa hiyo, kinachohitaji kuelezwa ni jinsi mtu mmoja anavyotunga mbele ya wengi, na wengi hao wanavyomfanya awe mtunzi bora.

2.0 Lamadi na Mazingira Yake

Lamadi upo katika barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, mahali inapochepuka barabara ya kuelekea Bariadi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na upande mwingine, kwa mwendo mfupi, kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo la Busega lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Wakulima wa pamba na mahindi, wafugaji, wavuvi wa dagaa, wafanyabiashara na madereva hukutana hapo.

Hali hiyo ina athari tatu kwa mtunzi. Kwanza, kalenda ya kilimo humpangia wakati: msimu wa mvua ni wa nyimbo za jembe, na miezi ya baada ya mavuno, kuanzia Juni, ni ya ngoma na mashindano. Pili, mchanganyiko wa watu humlazimu kuchagua lugha, kwa kuwa anayetunga kwa Kisukuma huwagusa wenyeji kwa kina na anayetunga kwa Kiswahili huwafikia wapita njia. Tatu, yuko mbali na mafunzo rasmi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mwimbaji wa Lamadi asiye na uwezo wa kusafiri hujifunza kwa watu walio karibu naye, au hajifunzi kabisa.

3.0 Dhana ya Mwimbaji wa Ridhaa

Neno ridhaa, kama linavyotumika katika michezo na sanaa, humtaja mtu anayefanya jambo kwa hiari bila kulifanya kuwa ajira. Katika matumizi ya kila siku neno hilo hubeba pia dhana ya kutokuwa na ujuzi. Makala haya yanatenganisha mambo hayo mawili. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, kwa kawaida ni mkulima au mfugaji kama majirani zake. Huweza kutuzwa ng’ombe, fedha au chakula, lakini hategemei wimbo kama mshahara. Pamoja na hayo, amepitia mafunzo marefu: amekuwa mwitikiaji kwa miaka kadhaa, amehifadhi nyimbo za waliomtangulia, na ameruhusiwa kuanzisha wimbo baada ya wenzake kumkubali. Kwa hiyo ridhaa ni hali ya malipo na haipaswi kuchukuliwa kuwa kipimo cha ujuzi.

4.0 Njia ya Wimbo: Kutoka kwa Mtunzi hadi Uwanjani

4.1 Wimbo mbele ya waitikiaji

Mtunzi huanza na beti chache na kiitikio. Anapoviwasilisha kwa kikundi, mtihani wa kwanza ni kiitikio chenyewe. Kama waitikiaji wanakishika baada ya kukisikia mara mbili au tatu, kimefaulu. Kama wanakikosea mahali palepale kila mara, mtunzi hupata taarifa kamili kuhusu kasoro ya wimbo wake bila yeyote kumwambia kwamba ni mbaya. Huenda silabi zimezidi mapigo, lahani imeruka kupita kiasi au neno limekaa mahali pasipolifaa. Makosa ya waitikiaji ni ukosoaji usiomdhalilisha mtunzi, na kwa sababu hiyo hupokelewa kwa urahisi.

Mtihani wa pili ni maana. Wimbo wa Kisukuma hutumia fumbo, tashtiti na majina ya watu na mahali. Kikundi humweleza mtunzi fumbo lipi limejificha mno na jina lipi litaleta ugomvi. Ni kikundi chote kitakachosimama uwanjani na kuimba maneno hayo, hivyo kila mmoja ana sababu ya kuyapima.

4.2 Uwanja wa mashindano

Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, huhusishwa na waasisi wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Katika mashindano yao vikundi hucheza kwa wakati mmoja vikielekeana, na ushindi hupimwa kwa umati: kikundi kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho mshindi. Sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, inayofanyika mwezi Juni, ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa mikusanyiko ya aina hii. Kituo cha Bujora kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Kipimo hiki kina hatari kwa mtunzi. Umati unaweza kuvutwa na nyoka, vazi, kichekesho au mruko wa mchezaji, na maneno ya wimbo yakapotea katika kelele za ngoma. Mwimbaji hujifunza kupaza sauti, jambo ambalo ni tofauti na kuikuza.

4.3 Wigashe

Katika wigashe, jina linalotokana na kitenzi cha Kisukuma chenye maana ya kuketi, waimbaji huketi na miondoko hufanywa kwa mikono na kiwiliwili. Mruko na mbio havipo, hivyo sikio la msikilizaji hurudi kwenye maneno na sauti. Wigashe na uwanja wa mashindano vikilinganishwa, inaonekana kwamba mapokeo yaleyale yana madarasa mawili: moja humfundisha mwimbaji kuushika umati, na jingine humfundisha kusikika na kueleweka. Anayepita katika darasa la kwanza pekee hubaki na pengo.

5.0 Ukuzaji wa Sauti

5.1 Pumzi na mapumziko

Sauti huzalishwa pale hewa itokayo mapafuni inapotikisa nyuzi za sauti ndani ya zoloto. Mwimbaji asiyedhibiti hewa kwa kiwambo na misuli ya mbavu huibana koo ili apate nguvu, na matokeo yake ni sauti ya kukwaruza. Ngoma huongeza tatizo hilo. Mwaka 1911 tabibu Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliye katika kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Mwimbaji anayesimama karibu na ngoma hujikuta anapiga kelele huku akidhani anaimba kama kawaida.

Muundo wa wito na kiitikio hutoa sehemu ya tiba. Waitikiaji wanapopokea, kiongozi hupata mapumziko ya nyuzi za sauti na muda wa kuvuta pumzi kamili. Kadiri kiitikio kinavyokuwa imara, ndivyo kiongozi anavyoweza kudumu bila kuumia. Nyimbo za jembe, kama zile za bugobogobo, nazo huoanisha pumzi na kazi: mstari huishia pale mwili unapohitaji hewa. Kwa mwimbaji wa ridhaa, mambo matatu yasiyohitaji fedha hutokana na maelezo haya: kuanza mazoezi kwa sauti ndogo kabla ya ngoma kupigwa, kunywa maji ya kutosha, na kunyamaza siku sauti inapokwaruza badala ya kuilazimisha.

5.2 Toni, mkazo na lahani

Kisukuma ni lugha ya toni yenye irabu saba (Batibo, 1985). Richardson (1959) alionyesha kwamba toni ya juu ya mofimu haisikiki mahali pake pa asili, bali husogea silabi kadhaa mbele. Kutokana na hali hiyo, lahani iliyolingana na ubeti wa kwanza inaweza kuupotosha ubeti wa pili wenye maneno mengine. Mtunzi mwenye sikio hubadilisha lahani kidogo kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, na asipofanya hivyo waitikiaji humgutusha.

Kiswahili hakina toni za aina hiyo. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno barabara ni kielelezo kinachojulikana: mkazo ukiwa katika silabi ya tatu neno humaanisha njia, na ukiwa katika silabi ya pili humaanisha sawasawa. Mtunzi wa Lamadi anayehamisha lahani ya Kisukuma na kuijaza maneno ya Kiswahili huweza kuweka noti ndefu mahali pasipo na mkazo. Wimbo husikika kuwa mgeni hata kama kila neno ni fasaha, na dosari hiyo mara nyingi hulaumiwa kwenye sauti ilhali chanzo chake ni utunzi.

5.3 Mchango wa kwaya

Si mbali na Lamadi ipo Nassa, kituo cha kale cha misheni ambacho Africa Inland Mission ilikipokea mwaka 1909 kutoka kwa Church Missionary Society. Uimbaji wa kwaya ulioenea kupitia makanisa ulileta mgawanyo wa sauti nne na mazoezi ya kila wiki chini ya mwalimu. Mwimbaji aliyepitia kwaya hujifunza kuisikiliza sauti ya mwenzake na kuipunguza yake. Stadi hii haifundishwi katika uwanja wa mashindano, na hukamilisha ile ya wigashe.

6.0 Simu, Studio na Haki ya Mtunzi

Simu ya mkononi na studio ndogo za mijini zimemwezesha mtunzi kurekodi wimbo siku uleule alioutunga na kuusambaza kabla mtu yeyote hajauitikia. Manufaa yake ni makubwa: wimbo hauzami na mtunzi, na mwimbaji husikia sauti yake kwa mara ya kwanza kama wengine wanavyoisikia. Hata hivyo, msikilizaji wa simu hana njia ya kuukosea wimbo pamoja na mtunzi. Husifu au hunyamaza, na hakuna kati ya majibu hayo linaloonyesha kasoro ilipo. Rekodi ya kikundi mazoezini, ikisikilizwa tena na wote, hutumia chombo kilekile bila kumwondoa mwalimu.

Suala la haki nalo ni zito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki kwa sababu tu ya kuiumba kazi, na inazishughulikia kazi za sanaa ya jadi katika sehemu yake nyingine. Wimbo mpya wa Kisukuma ulio katika mtindo wa zamani hukaa mpakani. Ukichukuliwa na mtu mwingine kwa madai kwamba ni “ngoma ya asili”, mtunzi aliye hai hugeuzwa kuwa jadi isiyo na mwenyewe. Kujitaja ndani ya wimbo ni kinga ya kale, lakini jina hukatwa kwa urahisi katika rekodi. Kikundi kinachoandika jina la mtunzi, tarehe na majina ya walioitikia huacha ushahidi wenye nguvu zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba waimbaji wa ridhaa wa Lamadi na Usukuma wanao mfumo wa mafunzo, ingawa hauna cheti. Waitikiaji hupima kiitikio, wigashe hunoa maneno, kwaya hufundisha kusikilizana, na kazi ya shamba hupanga pumzi. Mfumo huo haupaswi kutukuzwa kupita kiasi, kwa kuwa kikundi huweza kumzuia chipukizi au kupendelea kelele. Hata hivyo, mafunzo yoyote ya sauti yatakayopelekwa Busega yatapata msingi yakimkuta mwimbaji akiwa na waitikiaji wake. Kwa watafiti, inapendekezwa kwamba ukusanyaji wa nyimbo uanzie mazoezini, ambako kosa la mwitikiaji bado linasikika na mtunzi bado yuko tayari kubadilisha neno.