Mbona Majisifu Hajawahi Kukutoka Kichwani? Hii Hapa Siri ya Walibora

Kama ulifanya KCSE enzi za Kidagaa Kimemwozea, hesabu zote zilikutoka kitambo. Lakini nikikutajia Mwalimu Majisifu, unamwona saa hiyo hiyo: mlevi, maringo kibao, na sifa zake zote amezijenga juu ya mswada wa wenyewe.

Sasa jiulize, marehemu Ken Walibora alitufanyia nini?

Kwanza, majina. Majisifu anajisifu, hiyo uliandika kwa mtihani. Lakini cheki vizuri: Walibora anakupea jina, halafu anageuza maisha ya mtu yapigane nalo. Majisifu anajisifia kitu alichoiba. Mtemi Nasaba Bora anaringia ukoo, na mtoto aliyezaa na mpango wa kando anaishia kuachwa kwa kibanda cha Amani. Ukoo bora uko wapi hapo?

Pili, kila msee ana kitu anaficha. Amani hakufika Sokomoko kuchunga ng'ombe wa Mtemi tu. Anamsaka mtu aliyemwibia mswada. Kwa hivyo hata akiwa na mifugo, kazi ya kawaida kabisa, wewe msomaji unajua ana lake moyoni. Huwezi kufunga kitabu.

Tatu, mbaya si mbaya tu. Majisifu anakukasirisha, sawa. Lakini fikiria kuamka kila siku ukijua siri moja ikitoka, umeisha. Hapo kahuruma kanaingia, hata kama hukutaka.

Linganisha na stori nyingi tunazoandika kwa simu. Tunaanza, "Alikuwa mrembo, mrefu, rangi ya thao." Aya tatu za nywele na viatu. Ukimaliza kusoma, ushamsahau huyo dem, kwa sababu hujui anataka nini maishani na anaogopa nini.

Kama unaandika, jaribu hivi leo. Kabla ya kutuambia sura yake, jaza sentensi mbili: "Anataka..." na "Hataki mtu ajue kwamba..." Ukikwama hapo, bado huna mhusika, una picha tu.

Walibora alituacha Aprili 2020. Majisifu bado yuko, na bado anajisifu.

Na wewe, ni mhusika gani wa setibuku amekataa kukutoka?