Maneno Yaliyokosa Mlango

Siku moja, huko Kawangware 46, niliingia katika kibanda cha video kilichojaa wanafunzi waliokuwa likizoni. Risasi zilirindima na muziki ukavuma, lakini waigizaji walifumbua midomo kama samaki; hapana neno lililosikika. Mwenye kibanda aliilaumu diski.

Diski haikuwa na kosa. Sauti ya filamu ya mtindo wa 5.1 hugawanywa katika njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za kuwazunguka watazamaji, na moja ya mdundo mzito. Mazungumzo aghalabu hupitia njia ya katikati. Deki ile ilipangwa kutoa njia zote sita, ilhali amplifaya ilipokea mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Maneno yakakosa mlango. Tulipoipanga deki upya ichanganye zote katika njia mbili, yalirejea.

Pengine hata mlio hausikiki. Diski hutoa sauti kwa msimbo wa DTS, uliotumika katika filamu ya Jurassic Park mwaka 1993, nao mtambo wa sauti unafahamu Dolby Digital peke yake. Dawa ni kuiachia deki ifasiri yenyewe, au kuchagua msimbo mwingine uliomo diskini.

Sisi walimu tuna funzo hapa. Mara ngapi tumemwita mwanafunzi mzito wa kuelewa, kumbe tumempa njia sita naye ana masikio mawili? Tumpunguzie njia, tusimpunguzie maneno.