Nyumba ya Kupangisha: Umenunua au Umekopesha?

 

Miongoni mwa masuala ambayo maimamu huulizwa sana baada ya sala ya Ijumaa ni haya ya ndugu zetu wanaoanza kununua viwanja na nyumba. Mtu amestaafu, au amerudi kutoka Muscat na akiba yake, anaogopa riba ya benki, basi anasema: fedha yangu nitaiweka kwenye nyumba, nile kodi ya halali. Nia hiyo ni njema. Ila tumeona mara nyingi kwamba riba aliyoifungia mlango wa mbele huingia kwa mlango wa uani, naye hana habari.

Sura ya suala ni hii. Mtu ana nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 60. Amefikwa na shida, anataka milioni 20. Dalali anampeleka kwa mwenye fedha. Wanaandikiana kwamba nyumba imeuzwa kwa milioni 20. Kwamba muuzaji atabaki humo humo akilipa kodi ya shilingi 500,000 kila mwezi. Na kwamba akirudisha milioni 20 ndani ya miaka miwili, nyumba ni yake tena. Asiporudisha, imekwenda. Mwenye fedha anauliza: mimi nimenunua, kisha nimepangisha, na vyote viwili ni halali, kosa langu liko wapi?

Jambo hili si geni pwani kwetu. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba, na wenye nyumba mjini, walikuwa wakichukua fedha kwa wafanyabiashara kwa mkataba uitwao bei khiyari, ambao wengine wakiutamka bei kheri. Karatasi ilisema mauzo. Muuzaji akawa na khiyari ya kurudisha fedha kwa muda waliokubaliana, na aghalabu akibaki katika mali yake kama mpangaji. Mkataba huo ulikuwa mashuhuri Oman pia. Hadhramaut waliuita bei ya uhda, na huko Bukhara na Balkh, karne nyingi kabla, ulijulikana kwa jina la bei ya wafaa. Madeni ya namna hii na nyinginezo yaliwalemea wenye mashamba hata serikali ya Zanzibar ikapitisha sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isiendelee kuwatoka.

Wanazuoni hawakuwa na kauli moja, na ni insafu kulisema hilo. Baadhi ya Mahanafi wa zama za baadaye waliiruhusu kwa sababu ya haja ya watu, na Majalla ya Kiothmani ikaitaja katika vifungu vyake. Masheikh wa Hadhramaut waliizungumza kwa urefu, na msomaji wa Bughyatul Mustarshidiin ataikuta humo. Hao waliiachia pale ambapo ahadi ya kurudisha imepita kabla ya mkataba, bila kuwa sharti ndani ya mkataba wenyewe. Likiwa sharti ndani yake, bei inabatilika.

Wanaolitegemea neno khiyari nao inafaa watazame asili yake. Khiyari ya sharti imetokana na Swahaba Habban bin Munqidh (R.A.), aliyekuwa akipunjwa katika biashara, akapewa na Mtume (S.A.W.) nafasi ya siku tatu kufikiri. Imamu Shafii na Imamu Abu Hanifa wakasimama kwenye siku hizo tatu. Imamu Malik akaongeza kwa kadiri ya haja, na nyumba akaipa muda mrefu kuliko nguo. Imamu Ahmad akakubali muda wowote unaojulikana. Kwa hiyo Mshafii anayeandika khiyari ya miaka miwili hana tegemeo katika madhehebu yake. Na hata kwa Mahanbali, khiyari ni ya kufikiri, na wao wenyewe wamekataza ikifanywa hila ya kupata faida juu ya mkopo.

Sisi tunaona kauli yenye nguvu ni ya wanaokataza, na ndiyo iliyoamuliwa na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992. Hesabu inatosha kuonyesha. Kodi ya miezi 24 ni milioni 12. Aliyetoa 20 anapokea 32. Nyumba ya milioni 60 haiuzwi 20 na mtu mwenye akili timamu, isipokuwa anajua hajauza. Tena muulize mnunuzi: nyumba ikiungua leo, hasara ni ya nani? Akijibu kuwa muuzaji bado anadaiwa milioni 20 zake, basi amekiri kwa ulimi wake kwamba amekopesha, kwa kuwa faida humfuata mwenye kubeba hasara.

Anayetaka kusaidia na asipate madhara, akopeshe milioni 20 na ashike hati kama rahani, bila kula kodi. Akitaka faida, anunue theluthi ya nyumba kwa thamani yake ya kweli. Watakuwa washirika: kodi ya theluthi ni yake, hasara ya theluthi ni yake, na mwenzake akipata fedha wanauziana kwa bei watakayokubaliana siku hiyo.

Jambo la pili ni nyumba ya marehemu. Mtoto mmoja wa kiume anauza nyumba yote, na dada zake hawajaulizwa. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba bei imesihi katika fungu lake tu, na washirika wake wana haki ya shufaa juu ya fungu hilo. (Jirani hana shufaa kwa jamhuri, Mahanafi wanampa.) Mnunuzi asitosheke na muhuri wa serikali ya mtaa. Awaone warithi wote, wanawake kwa wanaume, kwani onyo la Mtume (S.A.W.) kuhusu shibiri moja ya ardhi iliyochukuliwa kwa dhuluma linajulikana.

Ama zaka, nyumba ya kupangisha haina zaka katika thamani yake. Majmaa iliamua mwaka 1985 kuwa zaka iko kwenye kodi, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka tangu ilipopokewa: asilimia 2.5, yaani 25,000 katika kila milioni iliyobaki. Kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa. Kama kilinunuliwa milioni 40 na mwaka ulipotimia kinafika 60, zaka inatolewa katika 60, nayo ni milioni moja na nusu. Aliyekinunua bila kujua atajenga au atauza hana zaka juu yake, mpaka akiuze na fedha yake ipitiwe na mwaka.

Wallahu aalam.