Kwa nini boti ndogo zinaelekea Gaza

Tangu jeshi la majini la Israel lilipouzuia msafara wa Sumud, wenye boti zaidi ya 40 zilizobeba misaada kuelekea Gaza, mwanzoni mwa Oktoba 2025, swali limekuwa moja: maziwa ya watoto na dawa chache vitawafaa nini watu zaidi ya milioni mbili? Jibu liko katika historia.

Israel iliizingira Gaza kwa nchi kavu, anga na bahari Juni 2007, baada ya kundi la Hamas kutwaa madaraka huko, na Misri nayo ikawa inakifunga kivuko cha Rafah mara kwa mara. Israel inasema inazuia silaha. Lakini mzingiro ulifika hadi jikoni. Kufikia mwaka 2010 iliki, tangawizi, giligilani, siki na jamu havikuruhusiwa kuingia. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Israel wa mwaka 2008, uliotolewa baada ya shirika la Gisha la nchini humo kwenda mahakamani, ulipiga hesabu ya kalori anazohitaji mtu kwa siku: 2,279. Wizara ilidai kwamba haukuwahi kutumika.

Agosti 2008, boti mbili za uvuvi, Free Gaza na Liberty, ziling'oa nanga Larnaca, Cyprus, zikiwa na raia 44 na vifaa vya kusikia vya watoto viziwi. Zilifika. Watu wa Gaza walifurika bandarini, na vijana wengine wakaogelea kuzilaki.

Tarehe 31 Mei 2010 mambo yaligeuka. Makomando wa Israel waliivamia meli ya Mavi Marmara, iliyokuwa ikielekea Gaza, katika maji ya kimataifa. Watu tisa waliuawa, na wa kumi alifariki mwaka 2014 kwa majeraha yake. Jopo la Umoja wa Mataifa lilisema baadhi ya abiria walipambana na askari kwa vurugu zilizopangwa, lakini nguvu iliyotumika ilipita kiasi. Dunia ilighadhibika, na mwezi uliofuata Israel ikalegeza masharti na kuruhusu vyakula vyote kuingia.

Faida ya boti hizi ndiyo hiyo. Shehena yake ni ndogo, lakini huwalazimisha wakubwa kujibu kwa nini malori ya misaada yamezuiwa mpakani. Ndiyo maana abiria 12 wa boti ya Madleen, iliyokuwa ikielekea Gaza, walipokamatwa Juni 2025, waliketi wamevaa maboya na kuinua mikono juu. Anayekwenda bila silaha hampi mtu kisingizio.

Sisi tulio ughaibuni tuna sauti ambayo watu wa Gaza hawana: tunakaa katika nchi ambazo serikali zake Israel inazisikiliza. Mwandikie mbunge wako, jiunge na maandamano ya amani, changia shirika lililosajiliwa baada ya kulichunguza. Na kokote utakakosimama, dai jambo moja: vivuko vifunguliwe, malori yapite.