Maandalizi ya Kijana Atakaye Uafisa wa Jeshi

Litokapo tangazo la Makao Makuu ya Jeshi la kuwaita vijana, maduka ya kutolea nakala na kupigia picha katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, hujaa vijana ambao, kwa kuwa muda wa kupokea maombi ni mfupi, kama ulivyokuwa Mei 2025 ulipokuwa wa wiki mbili tu, hukimbizana na cheti kilichopotea, jina lililokosewa na barua isiyokwisha kuandikwa. Nawahurumia, maana wengi wao wana akili na nguvu na nia safi. Lakini ni wajibu wangu kusema wazi kwamba ombi zuri, hususan la kijana mwenye azma ya kuvishwa siku moja nyota ya Luteni Usu, haliandikwi katika wiki hizo mbili. Huandikwa kidogo kidogo tangu kijana yu kidato cha kwanza, kwa namna anavyoishi na anavyotunza kilicho chake, na tangazo likitoka yeye huwa anakusanya tu hati za mambo aliyokwisha kuyatenda.

Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli, mkoani Arusha, ndicho kinachowalea maafisa wa jeshi letu, na Rais, kwa cheo chake cha Amiri Jeshi Mkuu, ndiye anayewatunuku kamisheni wahitimu wake. Hapana budi msomaji ajue kwa nini mlango wa chuo hicho ni mwembamba. Usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipousimika mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, maafisa Waafrika wa jeshi la Tanganyika walikuwa wachache mno, nao, kama Nyirenda mwenyewe na Mrisho Sarakikya, walikuwa wamefunzwa Sandhurst huko Uingereza, ilhali amri kubwa zilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakaasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa kigeni. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Taifa lililoonja fitina ya namna ile halimpi mtu amri juu ya roho za wenzake na silaha za umma kwa sababu tu amepata alama nzuri za hisabati. Humtafuta mtu ambaye maneno yake, karatasi zake na mwenendo wake havipingani.

Njia yenyewe, lakini, haianzii Monduli. Aghalabu kijana huandikishwa kwanza kuwa kuruta, hupitia mafunzo ya awali ya kijeshi katika shule kama ile ya Kihangaiko, mkoani Pwani, ndipo wenye elimu na sifa hupimwa kwa ajili ya uafisa. Na Monduli kwenyewe wako wanaochukua kozi ya kawaida, na wako wanaosoma shahada ya sayansi ya kijeshi. Kwa hiyo anayeacha shule kwa kudhani kuwa jeshi ni nguvu za mikono tu amejifungia mlango kabla hajaufikia. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka mwombaji awe raia wa Tanzania, mwenye afya njema na akili timamu, asiyepata kutiwa hatiani kwa jinai, asiyepata kutumikia Polisi, Magereza, wala Chuo cha Mafunzo na KMKM vya Zanzibar. Na umri wake usizidi miaka 24 akiwa wa kidato cha nne au cha sita, 26 akiwa na stashahada, 27 akiwa na shahada. Masharti haya hubadilika, na tangazo lililo mbele yako ndilo la kufuatwa, lisomwe neno kwa neno.

Jambo linalowaangusha vijana wa mitaa yetu kuliko jingine lolote, nami natamani kila mzazi wa Gerezani alishike, ni jina. Sisi watu wa mjini, tena wa pwani, tuna desturi ya kumwita mtoto majina mengi: jina la babu alilopewa siku ya akika, jina la madrasa, jina la shule, na lile la mtaani ambalo mwalimu wa darasa la kwanza, kwa haraka zake, huliandika daftarini likaganda humo hadi mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yake cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, cheti cha Baraza la Mitihani kinasema Said, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu ambalo halimo kwingine kokote. Na huenda mwaka wa kuzaliwa nao umepunguzwa ili mtoto aonekane mdogo shuleni. Sisi wenyewe twajua kuwa ni mtu mmoja, lakini mkaguzi wa hati hajui, wala hana wajibu wa kukisia. Akiona majina mawili huona watu wawili, akiona tarehe mbili huona uwongo, na katika rundo la maelfu ya maombi hana sababu ya kukutetea. Tandaza basi mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kama unacho, uvisome herufi kwa herufi pamoja na mtu mwingine asiye na haraka. Ukiona hitilafu, nenda RITA kwa cheti cha kuzaliwa, nenda NIDA kwa kitambulisho, na kwa jina lililobadilika kweli mwone wakili akuandalie hati ya kubadili jina isajiliwe kwa mujibu wa sheria. Kazi hii yaweza kuchukua miezi, na ndiyo sababu naisisitiza kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye cheti chake cha mtihani bado hakijachapishwa jina, kuliko kwa mhitimu. Asiye na cheti cha kuzaliwa akitafute leo.

Barua nayo ina heshima yake. Jeshi limetaka maombi yaandikwe kwa mkono, na sharti hilo lina hekima kubwa, kwani mwandiko humwonyesha mtu aliyetulia na aliyetaharuki, aliyesoma maagizo na aliyepita juu juu. Andika anwani yako kamili na namba ya simu inayopatikana, si ya rafiki. Andika tarehe, cheo na anwani ya unayemwandikia kama tangazo lilivyotaja, kisha kichwa cha habari, kisha maneno yako. Sema wewe ni nani, ulizaliwa lini na wapi, umesoma wapi na umefaulu nini, umewahi kubeba dhamana gani. Barua nyingi nilizoletewa kuzisoma hupotea katika sifa: mwombaji hujiita shujaa, mzalendo, mchapakazi, wala hataji tendo hata moja. Kijana aliyekuwa kiranja wa zamu akaweza kusema kwamba kwa mwaka mzima alihesabu na kurejesha vitabu vya darasa bila kupotea kimoja, amesema zaidi ya yule aliyejaza ukurasa kwa kuapa kuifia nchi. Tena usiandike uwongo, hata mdogo. Barua husomwa tena siku ya usaili, na wewe utakuwa umekaa mbele yake.

Kuhusu mwili sitasema mengi, maana uwanja wa Kidongo Chekundu upo, na alfajiri njia za mji ni tupu kwa anayetaka kukimbia. Lakini wengi hujenga misuli wakasahau macho, meno na masikio. Mwaka mmoja kabla ya kuomba, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja upimwe, ili lenye kutibika litibiwe mapema. Na kijiwe cha wavuta bangi kiepuke kabisa. Kukamatwa hapo siku moja kwatosha kukuandikia rekodi itakayokufuata maisha.

Huwezi kutaja uafisa ukaliacha Jeshi la Kujenga Taifa. Liliundwa 1963, mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu yakasimama 1994 na kurejeshwa 2013; na hadi leo wako waitwao baada ya kidato cha sita, na wako wajiungao kwa kujitolea. Wazazi huchukulia wito ule kuwa gharama ya bukta ya bluu, raba, shuka, soksi nyeusi na nauli, vitu ambavyo kwa bahati njema vyote vipo Kariakoo kwa bei ya mnyonge. Mimi nauona kuwa ni fursa ambayo kijana haipati kwingine, ya kuishi chini ya macho ya wakufunzi wanaoandika wanachokiona. Huko ndiko hujulikana nani huamka bila kuitwa, na nani humsaidia mwenzake aliyechoka. Cheti cha JKT ni ushahidi wa tabia ambao barua haiwezi kuutoa.

Katika usaili utaulizwa kwa nini wataka kuwa afisa. Jibu hilo usilikariri, lifikirie. Soma Katiba, hasa ibara ya 147, imkatazayo mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa ingawa haki ya kupiga kura anayo, ujiulize kama waweza kuishi na sharti hilo; zungumza na wazazi wako juu ya kupangiwa kituo mbali nao na juu ya hatari ya kazi. Wenye ndoto za vyuo vya nje, kama West Point ya Marekani, wajue kuwa maombi hupitia ubalozi wa nchi hiyo nchini kwao, kwamba chuo hicho hupokea wenye umri usiopungua miaka 17 ambao hawajaoa wala kuolewa, na kwamba wanafunzi wa mataifa yote ya kigeni waliomo humo kwa wakati mmoja hawaruhusiwi kuzidi 60. Wajaribu, lakini wasiliache tangazo la nyumbani kwa kungoja vyuo hivyo.

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa ndilo linaloumiza familia zetu zaidi. Kila msimu wa matangazo huzuka watu, wengine wamevaa magwanda, wanaodai kuwa na nafasi za kuuza, na mama muuza vitambaa hutoa mtaji wake wote ili mwanawe aingizwe. Nafasi ya jeshi haiuzwi, kuiomba hakuna ada, na jeshi lenyewe limeonya mara nyingi hadharani juu ya matapeli hao. Anayekuomba fedha, awe jirani, awe jamaa, usimpe hata senti. Piga simu TAKUKURU, namba 113, nayo ni ya bure.